Maziwa Yalikokwenda

Shuleni, Hai
Jumapili, 9 Juni 2024

Dada Kornelia,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, na Wense umng'ate shavu kwa niaba yangu, taratibu.

Habari mbaya kwanza: likizo hatuji. Kidato cha Nne wote tunabaki kambini mpaka mtihani wa Novemba. Simu unajua sheria yake, ukikamatwa nayo unarudishwa kwenu na godoro lako. Kwa hiyo barua zangu atazileta Mama Theodora. Akija soko la Kwa Sadala hupita getini kumwona Theodora, na zako atanipa hapo hapo.

Sasa nina kazi na siwezi kuifanya bila wewe. Mwalimu wa Biolojia anataka kila mtu achague mahali ambapo viumbe wanalishana, achore nani anakula nani, aonyeshe nishati inavyopita. Nishati ndiyo nguvu, dada. Inatoka kwenye jua, jani linaikamata, ng'ombe anakula jani, sisi tunakunywa maziwa. Kila inapovuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, nyingi inapotea. Mwalimu anasema inayofika ni karibu sehemu moja katika kumi.

Wenzangu wamechagua ziwa na mbuga ambazo hawajawahi kuziona. Mimi nimechagua kihamba chetu, shamba letu la nyumbani. Naomba siku moja kila mwezi upime: Bahati kala kilo ngapi, katoa maziwa vikombe vingapi, yamekwenda kwa nani. Kila mtu safu yake. Pima kwa kile kikombe cha bati cha nusu lita. Ndizi mlizokula wiki hiyo pia.

Ila usidanganye namba hata moja. Namba moja ikidanganya, mchoro wote unaharibika.

Koo la Mama limepona?

Mdogo wako,
Doris

*

Mkuu, Rombo
Jumapili, 16 Juni 2024

Mdogo wangu Doris,

Marahaba. Wense nimemng'ata, akacheka, akanirudishia. Ana meno mawili sasa na yote anayajaribia kwangu wakati wa kunyonya.

Nimepima jana. Mizani ya ndoano nimeazima kwa Mama Theodora alipokuja kununua maziwa, nimeifunga kwenye boriti ya zizi. Bahati amekula majani mizigo miwili, kilo arobaini, na vipande vya mgomba kilo kumi. Majani nimeyatoa chini kule tambarare, yameniingia shingoni mpaka sasa najikuna.

Maziwa ya siku nzima: vikombe kumi na viwili.
Ndama: vitatu.
Mama Theodora: vinne.
Mama: vitatu.
Mimi: viwili, kwenye chai na uji.
Wense: anakula mimi.
Ndizi: mkungu mmoja na nusu kwa wiki.

Nilipomweleza Mama habari ya moja katika kumi alicheka mpaka akashika koo. Akasema, "Mwambie mwalimu wake hajawahi kukata majani. Angekata, asingesema nguvu inapotea kwa ng'ombe. Ingempotea yeye njiani kabla hajafika zizini."

Halafu akaniuliza: "Na wewe Kornelia, unakula kumi, huyu mtoto anapata moja?" Nikamwambia ndivyo alivyoandika Doris. Akasema, "Basi ule zaidi, umebaki kama fito."

Koo linamsumbua kidogo bado. Baba Wense yuko mlimani na wageni, amebeba mizigo safari ya siku saba. Kwa hiyo hapa ni sisi watatu, na wa nne mwenye pembe.

Soma. Usilale na nywele mbichi.

Dada yako,
Kornelia

*

Shuleni, Hai
Jumapili, 30 Juni 2024

Dada mpenzi,

Shikamoo. Mwalimu amesoma namba zako mbele ya darasa! Amesema, "Huyu dada yake ndiye mwanasayansi humu." Theodora akapiga makofi kwa sababu ya mizani ya mama yake.

Sasa sikiliza. Kilo hamsini zimeingia kwa Bahati, zimetoka lita sita. Samadi toa, mkojo toa. Iliyobaki iko wapi? Imeungua. Bahati anapumua, anatembea, anajikuna, anapigana na nzi, na vyote hivyo vinatoka mwilini mwake kama joto. Asubuhi ukienda kukamua, weka kiganja ubavuni mwake. Ule moto ndio majani yako. Joto linatoka hivyo, linaingia hewani, basi.

Samadi inarudi kwenye mgomba, mgomba unarudi kwa Bahati, hiyo nimeichora kama duara. Lakini joto nimelichorea mshale unaokwenda nje ya karatasi.

Kitu kimoja. Nimeweka safu ya Mama, na kwenye ndizi sikumwona. Mkungu mmoja na nusu umeliwa na nani, wewe peke yako? Mama anaishi kwa maziwa tu? Au ulisahau kumwandika?

Doris wako

*

Mkuu, Rombo
Jumapili, 14 Julai 2024

Mdogo wangu,

Huku baridi ya mwezi wa saba imeshuka na ukungu wake. Kibo hatujauona wiki nzima. Nguo za Wense nazianika jikoni juu ya moto, zinanuka moshi, na yeye ananuka moshi kama nyama ya sikukuu.

Sikusahau kumwandika. Ndizi ngumu kwa sasa hazipiti vizuri kooni mwa Mama. Daktari amesema vitu laini. Ndiyo hivyo, usianze kulia darasani.

Nimepima jana. Majani kilo thelathini na tano, tambarare kumekauka. Mgomba kilo kumi.
Maziwa: kumi na kimoja.
Ndama: vitatu.
Mama Theodora: vinne.
Mama: kimoja na nusu.
Mimi: viwili.
Nusu imebaki, nimegandisha mtindi.
Ndizi: mkungu mmoja.

Kusema kweli nilitaka kuandika Mama vitatu kama mwezi uliopita. Nilimsomea barua akiwa amekaa kibarazani, akaninyang'anya kalamu. "Andika kimoja na nusu. Mtoto ameomba ukweli wa kikombe, hajaomba ukweli wa koo. Mpe alichoomba."

Asubuhi nikienda majani nawaacha yeye na Wense pale ukutani nyuma ya jiko, jua linapopiga. Amevaa lile sweta lako la kijani la Kidato cha Kwanza, amesema linambana kama linavyopaswa. Wense analala kifuani pake. Nikirudi nawakuta hivyo hivyo, hakuna aliyesogea.

Niliweka kiganja ubavuni mwa Bahati. Ni kweli, wa moto. Nilikaa hapo muda, mikono ilikuwa imekufa ganzi. Ndoo ikanisubiri.

Kornelia

*

Shuleni, Hai
Jumapili, 28 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Siku ya wazazi ni Jumapili tarehe 11 Agosti. Njoo, na Mama aje kama baridi itamruhusu, nitamwazimia kiti ofisini. Mniletee mtori, ile supu yetu ya ndizi, kwenye ile chupa ya chai yenye mdomo mpana. Nimeota mtori, dada, si utani. Nimeamka natafuna shuka.

Kimoja na nusu ni kidogo. Mtu mzima akikaa tu bila kufanya kazi anaunguza zaidi ya hapo. Kwa hiyo anaunguza mwili wake mwenyewe. Mwongezee siagi. Mwambie nimesema mimi.

Doris

*

Mkuu, Rombo
Jumapili, 18 Agosti 2024

Mdogo wangu Doris,

Najua ulikaa getini. Mama Theodora ameniambia ulikaa mpaka magari ya mwisho yakaondoka, na kwamba chakula alichokupa ulikigawa. Nisamehe. Wense alikuwa na homa, nikashindwa kutoka. Sasa ni mzima, anasimama akishika ndoo.

Namba zako, maana niliahidi. Nimepima jana. Majani kilo thelathini, mgomba kilo kumi na tano.
Maziwa: kumi.
Ndama: vitatu.
Mama Theodora: vinne.
Mimi: vitatu.
Ndizi: mwezi huu kulikuwa na wiki moja ya mikungu kumi na minne, watu walikuwa wengi, majirani walikuja. Wiki hii iliyopita nusu mkungu.

Sina la zaidi. Mwili umechoka kidogo. Wewe soma tu, mtihani uko mlangoni.

Kornelia

*

Shuleni, Hai
Jumapili, 1 Septemba 2024

Dada Kornelia,

Shikamoo.

Nilikasirika siku ile, nikaamua nisikuandikie. Halafu nikakaa na namba zako nimalize jedwali.

Ndama vitatu, Mama Theodora vinne, wewe vitatu. Nimejumlisha mara tatu, nikampa Theodora ajumlishe. Ni kumi. Vikombe kumi vyote vina mwenyewe. Safu ya Mama niliichora mimi mwenyewe kwa rula mwezi wa sita, na sina cha kuandika humo.

Mikungu kumi na minne kwa wiki. Nyumba yetu haijawahi kula hivyo ila siku tuliyomzika Baba.

Na Mama Theodora siku ya wazazi alinishika mkono akawa hauachii. Nikamuuliza Mama anaendeleaje, akasema, "Kula, mwanangu, kula."

Sitaki unieleze kitu. Usiniandikie habari. Niandikie namba moja tu: kikombe cha Mama.

Doris

*

Mkuu, Rombo
Alhamisi, 5 Septemba 2024

Doris, mdogo wangu,

Sifuri.

Mama alitutoka Jumamosi tarehe 3 Agosti, asubuhi. Nilirudi na mzigo wa majani kichwani nikamkuta. Lilikuwa kansa, lile koo. Tulilijua tangu Machi, yeye na mimi. Tulimzika Jumanne, upande wa chini wa kihamba, karibu na Baba.

Hukuniona siku ya wazazi kwa sababu nilikuwa nimenyolewa. Tulinyoa baada ya mazishi, kama ilivyo desturi. Ningefika getini na kichwa kile ungejua kabla sijasalimia, hata kwa kitambaa. Homa ya Wense niliisema uongo. Huo ndio uongo wangu mmoja, mengine niliyaacha tu bila kuyaandika, na sasa naona ni kitu kile kile.

Mama aliniapisha. Alisema usiambiwe mpaka uweke kalamu chini kwenye mtihani wa mwisho. Lakini sitamsingizia marehemu. Siku ya msiba Baba Mdogo alisimama akasema, "Mtoto aitwe azike mama yake." Alikwishatafuta gari. Nikasimama mbele ya watu wazima, na mtoto mgongoni, nikasema haitwi mtu. Gari likarudishwa. Ni mimi niliyekataa, Doris. Niliwaza miaka minne ya Mama kukata majani ili wewe ukae kwenye dawati hilo, nikaona mwezi mmoja wa kulia utakula yote.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale, la kuomba msamaha. Nimelikata pale kwenye mpaka, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa. Unajua maana yake, na kwamba mwenye kuletewa hakatai.

Usitoke shuleni. Hilo siombi, nasema.

Migomba ya kule chini imepata samadi mpya. Nawaza duara lako, kwamba Mama ataingia kwenye udongo, udongo kwenye mgomba, na iko siku atarudi kwetu kwenye mkungu. Hilo nimelishika sana.

Dada yako,
Kornelia

*

Shuleni, Hai
Jumapili, 22 Septemba 2024

Dada,

Jani limefika, limekunjamana, kingo zimekauka.

Isale haliletwi kwenye bahasha. Analipeleka mtu mzima, mkononi, anasimama uani mpaka aitikiwe. Ulijua. Ulilitia kwenye bahasha kwa sababu mimi ni mdogo na niko mbali, kama mlivyonitia kwenye bahasha mambo yote tangu Machi.

Sijatoka shuleni. Nimetii. Mwalimu ameniambia niache jedwali, atanipa alama zangu. Nimelimaliza. Nimeandika sifuri kwa wino.

Na duara umelielewa vibaya, dada, naomba usiliseme tena. Kinachozunguka ni mbolea. Chumvi za mifupa, hizo zitarudi kwenye mgomba, ndiyo. Nguvu hairudi. Nguvu inakwenda njia moja tu, kutoka juani, inapita kwetu, inatoka kama joto, na ikishatoka hakuna kiumbe anayeweza kuila tena. Mama hatarudi kwenye mkungu. Mkungu utapata nguvu yake juani kama mikungu mingine yote.

Kwa hiyo nimekaa nikafuata mshale mmoja tu, ule unaokwenda nje ya karatasi. Jua, majani, Bahati, maziwa, Mama, halafu joto. Kile kimoja na nusu cha Julai kiliungua chote ndani yake kikatoka. Kilikwenda wapi? Hewani. Mlikuwa hapo, wewe na Wense, mlikaa karibu naye. Nyinyi mliupata ule moto wake.

Mimi nilikuwa huku napiga hesabu.

Doris

*

Mkuu, Rombo
Jumamosi, 28 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nakamua. Nimeisoma tena mtoto alipolala. Yote uliyosema ni kweli, la isale na la duara. La isale linaniuma zaidi, maana lile nililijua.

Sasa na mimi nikwambie ninachojua, elimu yangu ni ndogo lakini hiki nimekishika kwa mikono.

Asubuhi ile nilitua mzigo, nikaita, "Mama, nimerudi." Alikuwa ameegemea ukuta, sweta lako mwilini, kichwa kimeinama kidogo upande kama mtu anayesikiliza. Wense alikuwa amelala kifuani pake, mdomo wazi. Hakuwa ameshtuka. Nikamshika Mama shingo. Alikuwa bado wa moto, Doris. Ameshakwenda, na mtoto bado analala kwenye joto lake. Sikumtoa. Sijamwambia mtu yeyote hili, watauliza kwa nini sikupiga kelele mara moja. Nilikaa pembeni yake pale ukutani, nikaingiza mkono wangu chini ya sweta, tukakaa watatu, mpaka Wense akaamka mwenyewe kwa baridi akaanza kulia. Ndipo na mimi nikalia, watu wakaja.

Kwa hiyo najua mahali lilipokwenda. Wiki zile zote za Julai Wense hakuumwa kifua hata mara moja, na watoto wa jirani wote walikohoa. Mimi nilikata majani nikijua ana joto. Sehemu tisa katika kumi mwalimu wako anasema zinapotea. Mimi nimekaa ndani ya hizo tisa tangu nilipozaliwa, na wewe pia. Wakati wewe unazaliwa nilikuwa na miaka saba, mvua ya masika, Mama alitulaza upande huu na upande huu. Ulilala kifuani pale pale alipolala Wense. Hukuikosa, Doris. Uliipata sehemu yako mapema, miaka kumi na sita mfululizo, kabla hujajua kupiga hesabu.

Kuaga ndiko ulikokosa. Hilo nimekukosesha mimi, na sina cha kukulipa.

Nakutumia sweta kwa Mama Theodora. Sijalifua. Usidhani nakutumia joto lake, halimo, nililishika nikaona ni baridi kama nguo nyingine yoyote. Sweta halina moto wake lenyewe, linazuia tu wa kwako usikimbie. Lakini wewe ndiwe unayeungua sasa kwa kusoma, basi livae.

Kula. Hata kama haipiti, kula.

Dada yako,
Kornelia

*

Shuleni, Hai
Jumatano, 27 Novemba 2024

Dada Kornelia,

Shikamoo.

Tumemaliza. Nakuja Ijumaa na Mama Theodora, na godoro langu.

Sijui kama nimekusamehe. Nimejiuliza kila jioni na sina namba ya kukupa. Nitajua nikifika. Jani ninalo, nimelikausha katikati ya daftari la Biolojia, nitakuja nalo mkononi. Nitasimama uani pale, na wewe utoke unipokee kama mtu mzima anavyopokewa, halafu utalishika tena wewe na kunipa mimi, mkono kwa mkono. Lifanyike vizuri mara moja.

Kabla ya kuingia ndani nataka kwenda kule chini kwanza. Usinisindikize. Wense naomba nimbebe niende naye.

Jumamosi pima kama kawaida. Safu ya Mama iache kama ilivyo, usiifute, chora nyingine pembeni yake uandike jina langu.

Swali la nishati lilikuja kwenye mtihani. Nilichora nyasi, ng'ombe, mtu. Nililivaa lile sweta siku hiyo. Unajua jua la Novemba la huku Hai, wenzangu wote wamekunja mikono ya mashati, wanajipepea kwa vitambulisho. Msimamizi aliniuliza kama naumwa. Jasho lilinitiririka mpaka likadondoka kwenye karatasi, pale pale kwenye mshale wa mwisho.

Sikulivua.

Mdogo wako,
Doris